Kiashiria Kilikuwa India

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilishikwa na kichaa cha kompyuta, na sioni haja ya kutafuta neno la adabu zaidi. Nililala nikiwaza kompyuta, nikaamka nikiwaza kompyuta, na maharage ya mama yaliungua kwa sababu hiyo hiyo. Chanzo chake kilikuwa duka moja la Majengo, hapa Dodoma, jirani na wauza mtama. Duka hilo liliuza vipuri vya baiskeli mpaka siku moja mwenyewe akatoa matairi na minyororo yote, akapanga kompyuta kuukuu ukutani, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu: INTANETI IPO. Watu walipita wakisoma, kisha wakaulizana ipo wapi.

Mimi niliingia. Nilikwenda kumtumia barua pepe kaka yangu, ambaye alikuwa anasomea uhandisi India. Nilipomaliza nikabonyeza mahali nisipopajua, na kioo kizima kikajaa maandishi ya ajabu yenye mabano ya ncha kali. Nilijua nimeshaharibu mali ya watu. Mwenye duka, Mnyamwezi wa Tabora, alikuja akachungulia begani kwangu.

"Hujavunja kitu, mtani," alisema. "Hayo ndiyo matumbo ya ukurasa. Kila ukurasa wa intaneti kwa ndani uko hivyo."

"Nani anayaandika?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, wenye mikono miwili kama wewe. Ila wao hawali mlenda kama ninyi Wagogo."

Mgogo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kukasirika. Wala nisingepata nafasi ya kukasirika, maana moyo ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Watu! Sikuwahi kufikiri kwamba kurasa zile zilitengenezwa na mtu. Nilidhani zinakuja tu, kama mvua. Nilitoka pale nikitembea upesi, nikamwamkia mpaka msichana niliyemzidi umri, naye akaitikia marahaba bila wasiwasi.

Nyumbani nilimkuta baba anafunga mpini wa jembe. Nikamwambia hapo hapo, bila utangulizi, kwamba nataka kuwa fundi wa websaiti. Neno tovuti lilikuwa bado halijatufikia.

Baba alikuwa afisa mipango wa shirika moja la umma. Nasema alikuwa, kwa sababu shirika lilibinafsishwa, na wenye mali wapya wakawapunguza kazini yeye na wenzake wengi. Alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai cha ofisini, na baada ya majuma kadhaa akahamishia kazi yake kwenye shamba la zabibu la mama upande wa Mvumi, ambako zamani alikuwa akienda Jumapili moja moja kama mgeni rasmi. Kaka hakuambiwa. Ndiye mtoto wa kwanza, na sote tulimjua: akisikia tu kwamba baba hana kazi, ataacha masomo aje kututunza. Kwa hiyo kila barua kwenda India ilikuwa na sentensi moja ya baba, "Kazini ni salama," na mama aliyekuwa akizisoma kabla hazijafungwa hakuwahi kuipinga.

Mipango, hata hivyo, baba alirudi nayo nyumbani. Tulikuwa tunanunua sukari kwa robo mwaka. Kuku waliwekewa makisio ya mayai, na jogoo aliwahi kutajwa kwenye kikao kwa uzembe. Kwa hiyo niliposema nataka kuwa fundi wa websaiti, aliweka jembe chini kwa furaha ya mtu aliyepewa tena meza yake.

"Hilo si lengo," alisema. "Hiyo ni hamu. Lengo lina muda wake na lina kiashiria."

"Kiashiria ndiyo nini, baba?"

"Ni kitu ambacho hata mtu asiyekupenda akikiona, atakubali kwamba umefika."

Kikao kilifanyika sebuleni jioni ile ile. Mama alikuwa mwenyekiti huku akimenya karanga, baba katibu, mimi mtekelezaji. Tukakubaliana kwamba kabla zabibu za mwezi wa nane hazijavunwa, niwe nimetengeneza ukurasa wa familia wenye maandishi na picha. Kiashiria: uonekane na mtu aliye nje ya nyumba hii.

"Nje ya Dodoma," baba akaongeza.

"Basi nje ya nchi kabisa," nikasema kwa jeuri. "Kaka auone kule India."

Baba alinitazama kidogo, kisha akaandika. Nikishindwa, nitakwenda chuo cha ualimu, ambako mjomba alikuwa ameshanitafutia nafasi. Sikuwa na ugomvi na ualimu. Nilikuwa na ugomvi na chaki, maana hunipigisha chafya, na kusema kweli nilijua nikienda huko yale mabano sitayaona tena maishani.

Jamani, nilijifunza! Kitabu sikuwa nacho, mwalimu hakuwapo. Nilikuwa nafungua ukurasa wa mtu yeyote, wa chuo, wa kiwanda cha sabuni, wa mfuga paka wa nchi za mbali, nayapekua matumbo yake, nabadilisha kitu kimoja na kutazama nini kimeharibika. Siku nilipofaulu kuligeuza neno ZABIBU kuwa jekundu nilipiga kigelegele peke yangu, na mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akaniuliza nani kaolewa. Umeme wa mgao ulipokatika nilikwenda shambani, nikaandika amri zangu ardhini kwa kijiti. Kuku wakazikanyaga, nikaandika upya. Baba alikuwa akisimama juu yangu na mkasi wake wa kupogolea, akiuliza kila mstari unafanya kazi gani, nami nisipojua alisema, "Andika: bado." Kwa hiyo ardhini paliandikwa "bado" nyingi sana.

Ikafika zamu ya picha. Nilikuwa nimechagua moja nzuri ya studio, baba amevaa suti ya kaunda, kalamu mfukoni, mama amesimama nyuma yake ameshika bega. Baba aliitazama, akaingia chumbani, akarudi na nyingine. Ilipigwa shambani msimu uliotangulia: yeye na mama kati ya mizabibu, yeye amevaa fulana iliyotoboka na buti za mvua, kichwani kitambaa cha mama, mikono imejaa vishada.

"Weka hii," alisema.

Nilicheka. Nilidhani anatania. Nikamwambia ile ya suti ni ya heshima zaidi.

"Ukurasa unahusu familia hii ya sasa, au ya zamani?"

Sikubishana, maana zabibu zilikuwa zimeanza kubadilika rangi na muda ulikuwa unaniishia. Mwenye duka aliipitisha picha kwenye skana, akainakili kwenye disketi yangu, nami nikaupandisha ukurasa kwenye kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikigawa nafasi bure. Kisha nikawaita wazazi.

Walikuja wamevaa nguo za kanisani. Nilipobonyeza, maandishi yakatokea kwanza, halafu picha ikaanza kushuka taratibu kutoka juu: kitambaa, paji la uso, macho ya baba, kicheko cha mama. Mama alipiga vigelegele mpaka wauza mtama wakaja mlangoni. Mwenye duka alisema tangu azaliwe hajaona Mgogo anameremeta hivyo bila kupakwa mafuta.  Baba alisogeza kiti, akajitazama muda mrefu, akaniambia, "Sasa mwandikie kaka yako."

Jibu lilikuja kesho yake. Kaka alisema maandishi ameyaona, hongera sana, lile neno ZABIBU jekundu limempendeza. Ila picha hakuna. Kuna kisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya kukosea.

Nilikaa nikitazama kioo. Kwangu picha ilikuwepo! Nilichomoa disketi ili niende kulia nyumbani, nikaufungua ukurasa mara ya mwisho, na mbele yangu kikatokea kisanduku kitupu chenye alama nyekundu. Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimepandisha maandishi tu, na ndani yake nimeiambia kompyuta ikaichukue picha kwenye disketi. Ya Majengo iliichukua, kwa sababu disketi ilikuwa tumboni mwake. Ile ya India ilipapasa tundu lake lenyewe, ikakuta hakuna kitu. Nilicheka hadi machozi, kwa upumbavu wangu na kwa utamu wa kuelewa.

Jioni nilitoa taarifa kikaoni. Kiashiria hakijafikiwa, nikasema, ila nimejua kosa. Kesho napandisha na picha yenyewe, nabadilisha mstari mmoja, na kaka ataiona.

Mama aliacha karanga zake. "Nina neno," alisema. "Labda Mungu ametusaidia. Ile picha mwanangu akiiona, ataniuliza baba yake anafanya nini shambani na buti. Mwaka mmoja tu umebaki amalize masomo. Tuiache hivyo hivyo. Huyu aende ualimu, ualimu nao ni kazi nzuri."

Nilihisi chaki puani. Nikafungua mdomo niseme tuweke ile ya suti, suti haina swali, kila mtu atabaki salama. Kisha nikamtazama baba, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba aliichagua picha ile akijua. Sikuweza tena kuitaja suti.

"Kiashiria tulichoandika ni kwamba kaka auone," alisema baba polepole. "Kiashiria hakibadilishwi katikati ya mpango kwa kuwa kimekuwa kigumu. Mtoto ametimiza upande wake. Uliobaki ni wangu."

Mama akasukuma sahani ya karanga ikamfikia. Baba akachukua moja, akaimenya, akampa mama.

Kesho yake nilipandisha picha. Nilibadilisha mstari, nikachomoa disketi, nikafungua ukurasa kwenye kompyuta nyingine kabisa, na baba akashuka kwenye kioo na vishada vyake bila msaada wangu. Nikamwandikia kaka. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikaogopa, nikaimba tena.

Siku iliyofuata baba alikwenda nami Majengo. Barua ya kaka ilikuwa fupi. "Sasa nawaona! Mama hajazeeka hata kidogo. Mdogo wangu, wewe ni fundi kwelikweli. Baba yuko likizo?"

Nilimsomea. Baba aliniomba nimpishe kwenye kiti.

"Niambie, baba, nikuandikie. Mimi ni mwepesi."

"Hapana. Hii naandika mwenyewe."

Akakaa, akavaa miwani, akaanza kuzitafuta herufi kwa kidole kimoja, akigonga kila moja kana kwamba anajaribu kama zabibu imeiva. Mtani wangu mwenye duka alikuja na neno la utani mdomoni, akauona uso wa baba, akarudi kukaa. Likatokea neno moja, likatokea jingine. *Hapana mwanangu. Nilipunguzwa. Sasa nalima zabibu na mama yako na ninazijua. Wewe maliza masomo ndipo uje uzile.*

Aliyasoma yote kwa sauti ya chini. Kisha akapeleka mkono kwenye kipanya, akaurudisha magotini.

"Barua ya chuo nitaiandika leo, kwamba huendi," alisema bila kunigeukia. "Hapa pa kutuma, bonyeza wewe, fundi. Mimi pananishinda."

Nikainama juu ya bega lake, nikabonyeza.