Redio Niliyoizima Katikati ya Wimbo

Nilikuwa na miaka kumi na moja baba alipofariki, Mwingereza akiwa bado anatawala, na darasa la pili ndilo likawa mwisho wangu. Nikabeba mizigo mjini Arusha, nikapanda kahawa, nikanunua redio. Upande wetu wa mlima hakuna aliyekuwa nayo kabla yangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Redio ile, mwanangu, ilitumia betri ya gari. Betri hiyo nilikuwa naibeba kichwani hadi mjini kuichaji, tindikali ikinitoboa mashati. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada, watu wakijaa uani kwangu, nilikaa mbele kama mchungaji.

Nakumbuka Jumapili moja ya masika. Muziki kutoka Dar es Salaam umekolea, vijana wanacheza kwenye tope. Akaingia jirani yangu mjane, Mama Elishilia, kanga imelowa hadi kiunoni. Maji yalikuwa yamebeba daraja la bondeni, na mwanawe Elia alikuwa njiani kutoka Usa River na punda, giza linakaribia. Alishawaomba vijana wapite kivuko cha juu wakamzuie ng'ambo. Kila mmoja alimwambia asubiri wimbo uishe.

Akanigeukia. "Redio yako inajua daraja limekwenda?"

"Mama, hii inasema mambo ya nchi. Haisemi vidaraja vyetu."

"Kwani sisi tuko nchi gani?"

Watu wakacheka. Mimi nikazima redio. Vijana wakapiga kelele niirudishe. Nikawaambia betri ni yangu. Kisha nikaitangaza habari ya daraja kwa Kimeru, taratibu, hadi bibi aliyekaa nyuma kabisa akasikia. Vijana walewale wakaondoka mbio. Walimkuta Elia ukingoni, anawasukuma punda waingie majini.

Tangu hapo, habari za Dar zikiisha, nilizima nikatoa zetu: ng'ombe aliyepotea, mgonjwa anayehitaji wabebaji, siku ya kupokea kahawa. Bwana shamba naye akaleta amri yake niitangaze. Nikamwambia nitaitangaza, ila akae asikie na maswali. Alikaa.

Leo wewe unatangaza kwenye redio ndogo ya masafa ya kati, na wenzako wanakuambia simu imeiua. Waache waseme. Wewe tangaza barabara ya Kisongo imekatika wapi na dawa ya mibuni imefika lini. Sema kwa namna ambayo bibi yako ataelewa, na mwenye swali mpe kipaza sauti. Mtu ambaye mwanawe amefika nyumbani kwa sababu yako hawezi kukuzima.

Mimi nina shamba la kahawa na migomba, nyumba ya matofali, ng'ombe wawili wa maziwa, na redio ile kabatini, bubu. Njoo uichukue, uiweke mezani kwako kazini. Mungu akulindie sauti, na akupe mama wa kuja kukukatiza wimbo.