Vidole Viwili vya Mshono

Juzi, mtaani Tibirinzi, nilimwona fundi akikata vitambaa vya mfarishi wa kujifunikia, kila kipande akikiongezea vidole viwili vya mshono. Ndivyo bibi alivyonifundisha tulipokata mfarishi wa mdogo wangu aliyekuwa bado hajazaliwa: shibiri moja, na vidole viwili.

Alasiri moja mama alilia chumbani, lakini sikusikia sauti ya mtoto. Ukumbini kulinuka udi na kafuri. Bibi alitandika bafta nyeupe, akapima shibiri tatu kamili.

"Bibi, umesahau vidole vya mshono."

"Hii haishonwi, mwanangu."

Nilifurahi, maana kushona ndiko kulikotuchukua siku nyingi. Nikamshikia ncha ya kitambaa, nikaivuta inyooke, ili mdogo wangu afunikwe mapema.