Fundi wa Baiskeli Achagua Jimu

Sogeeni niwaeleze habari za yule fundi wa baiskeli, Mdinka mrefu mwenye vidole vyeusi vya grisi, aliyezunguka kambi nzima ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2012 akitafuta jimu ya kujiunga nayo. Vioo hakuvitazama, muziki hakuusikiliza. Kila alipoingia aliinama, akabonyeza sakafu kwa kiganja, akashukuru kwa sauti ya chini, akatoka. Kwenye jimu yangu alikuta mchanga laini, na vyuma ambavyo kwa kweli ni saruji tuliyomimina kwenye mikebe. Akabonyeza, akabaki.

“Bosi, mimi sitaki chuma,” akasema. “Nataka kujua kubeba mtu.”

Ejore, mnyanyuaji wetu mwenye mdomo, akacheka. “Mrefu, unaenda kuiba bibi ya nani?”

“Mama yangu. Miguu yake imekufa. Jana nimeangusha yeye tena.”

Kicheko kikakatika. Nikaelewa kwa nini alikuwa akibonyeza sakafu. Ejore mwenyewe akajilaza mchangani.

Basi kila jioni fundi alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya mabega ya Ejore na mwingine chini ya magoti yake, akanong’ona, “Samahani, mama,” ndipo akainuka. Alimshusha kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Miezi ikapita, mabega yake yakapanuka, akawa anambeba Ejore, jitu lile, bila kuhema. Siku moja nikampigia makofi.

“Sasa hata nyumbani huna shida!”

Hakutabasamu. Alikaa chini, akaitazama mikono yake.

“Bosi, asubuhi nimeinua mama na mkono moja tu. Mama anaisha.”