Mtumbwi Waliouita kwa Jina la Mdogo Wangu

Mama yangu alipiga magoti uani kwetu akamwomba msamaha mwanamke mwenzake kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kufa. Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, na wakati huo nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi lake. Yule mwanamke alikuwa amemzika mwanawe juzi yake. Alikuwa bado na khanga ya msiba kiunoni. Tulimpa kigoda akakikataa, akakaa kwenye vumbi.

"Sikuja kugombana, mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma. "Nimekuja mumwambie marehemu wenu aniachie hawa waliobaki. Huyu mmoja ameshamchukua, inatosha."

Nilitegemea mama amjibu kwamba mwanawe hachukui watu. Mama alishika ukuta, akashuka polepole kwa sababu magoti yake ni mabovu, akasema, "Nisamehe mwenzangu. Alipokuwa hai hakuwa hivyo."

Mimi nimewahi kuzama. Nimemeza maji ya ziwa mpaka macho yakaingia giza. Lakini maneno yale ya mama ndiyo yananikaba mpaka leo.

Sasa nieleze tulifikaje hapo. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyozungumza. Waliohusika nitawataja kwa kazi zao, na mtu yeyote anayeshuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kwetu Kigongo, atawajua. Jina la mdogo wangu silitaji. Limetajwa vya kutosha.

Tulikuwa tunafanya kazi kwenye mtumbwi wa mbao wenye mashine, unaoleta dagaa na abiria kutoka visiwani. Mwenye mtumbwi, ambaye sisi tunamwita tajiri, anakaa Mkolani kwenye nyumba yenye ukuta. Mimi nilikuwa wa kupakia. Mdogo wangu kazi yake ilikuwa kuchota maji yanayoingia, na hiyo ni kazi ya kila safari, maana hakuna mtumbwi wa mbao usioingiza kidogo. Ila ule ulikuwa hauingizi kidogo. Upande wa nyuma, chini karibu na mashine, kulikuwa na ubao umeoza. Ukiubonyeza kwa dole gumba, dole linazama kama kwenye kiazi kilichoiva.

Asubuhi ya ajali, tukiwa bado kisiwani, nilimwonyesha nahodha. Akampigia tajiri simu na kuweka sauti kubwa ili nisikie mwenyewe.

"Umeoza leo?" tajiri aliuliza.

"Si leo, bosi."

"Basi kama jana ulifika, na leo utafika. Nani huyo anayekutia woga?"

Nahodha akanitazama, akacheka. "Kuna mzee mmoja hapa anataka tumpakie na kitanda."

Watu wakacheka, na mdogo wangu naye akacheka. Alipenda kucheka. Tukaondoka na magunia yamepangwa mpaka juu na abiria wamekaa juu ya magunia.

Ubao uliachia tukiwa tunaanza kuiona nchi kavu. Maji hayakuja kwa fujo, yalipanda tu. Mdogo wangu alichota mpaka ndoo ikawa haina maana, kisha akaanza kumwaga mafuta kutoka kwenye madumu na kuyafunga vifuniko, anawarushia watu madumu matupu. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilipata dumu la njano. Alinisukumia kwa mguu, akasema, "Shika hilo, kaka, acha kupiga kelele." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Abiria wote walitoka wazima. Yeye tulimpata kwenye matete ya upande wa Busisi, baada ya ziwa kumchoka.

Tajiri alikuja msibani, akalia kuliko sisi. Mwenyekiti wa mwalo alishika kipaza sauti, akasema kijana huyu ni shujaa na jina lake halitapotea. Hapo likaja lile jambo. Mtumbwi ulivutwa nchi kavu, ukapakwa rangi ya samawati, na ubavuni likaandikwa jina la mdogo wangu kwa herufi nyeupe, kubwa, zenye kivuli chekundu. Tukaitwa mwaloni kupokea heshima.

Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu jina la marehemu halitupwi. Mtoto akizaliwa akalia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na analonyamazia ndilo lake. Bibi huchukua maji mdomoni, akampulizia mtoto, na hapo marehemu amerudi nyumbani. Mdogo wangu hakuacha mtoto. Mama hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya zile herufi, akaniuliza, "Ni hapa?" Nikamwambia ni hapo. Akaomba maji, akayashika mdomoni, akaupulizia mtumbwi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilizunguka nyuma. Pale penye ubao walikuwa wamepigilia kipande cha bati, wakamwagia lami na kupaka rangi juu. Fundi alikuwepo, anakunywa soda.

"Ubao ule ule?" nilimuuliza.

"Mimi niliambiwa rangi na maandishi," alisema. "Habari ya ubao hatukuzungumza."

Nikamwendea mwenyekiti. Akanishika bega. "Ndugu yangu, leo si siku ya mbao. Mama yako amefurahi, unataka kumharibia?"

Kweli mama alifurahi, na furaha ile ilitufunga midomo wote. Nani amshitaki mtu aliyemheshimu mtoto wako mbele ya mwalo mzima? Jioni, mtumbwi ukirudi, mama alikuwa anashuka kuusalimia. Wapakiaji wenzangu wakimwona wanatania, "Mama, mwanao leo kabeba ndizi, kachoka." Anacheka, na kuna siku alikuja na uji, akawapa vijana wanaofanya kazi humo wanywe. Mimi nilikuwa nimehamia kwenye kubeba mizigo barabarani. Mtumbwi ule sikuukanyaga tena.

Kisha ukafunguka tena, mahali pale pale, ziwa likiwa limetulia. Aliyekufa ni kijana aliyepewa ile kazi ya kuchota maji.

Hata hawajamzika, maneno yalikwisha kuzunguka. Nahodha, yule yule, alisema alihisi chombo kinavutwa kwa chini. Wengine wakasema marehemu yuko peke yake kule, anatafuta mwenzake wa ndoo. Na kwa sababu mama alipuliza maji, ikawa sisi ndio tuliomwingiza mle. Hakuna aliyeinama kutazama ubao. Hapo ndipo mama wa yule kijana alipokuja akakaa kwenye vumbi la uani kwetu. Tajiri aliwaita wazee akawaambia, "Hili ni la familia yao, wamalize." Akatuletea mbuzi mweusi wa tambiko. Mbuzi alifungwa mlangoni kwetu siku nzima, kila apitaye anamwona na kuelewa tumekubali.

Nilimfungua nikampeleka Mkolani. Tajiri alitoka na kandambili, anachokonoa meno.

"Shikamoo," nilisema, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Mbona mbuzi karudi?"

"Nimekuja kuuliza habari ya ubao."

"Ubao upi?"

"Unaujua."

Alimtazama mbuzi, si mimi. "Sikiliza. Wangapi wanakufa ziwani na hawaandikwi hata kwenye kopo? Mimi nilimpa mdogo wako jina. Nilikosea wapi?"

"Jina hakukuomba. Abiria wako aliwaokoa yeye."

"Una uchungu, nakuelewa," alisema. "Mfunge mbuzi pale, nenda nyumbani."

Nilimwacha mbuzi barabarani.

Binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, na analia sana. Wakwe walitaja majina ya kwao yote. Nilipotaja la mdogo wangu, mama mkwe wake alimfunika mtoto masikio kwa mikono yake.

Na juzi nimeshuka mwaloni. Mtumbwi uko nchi kavu. Jina la mdogo wangu limekwanguliwa kwa msasa, na fundi anachora herufi mpya kwa penseli. Ni jina la yule kijana. Jumamosi mama yake ameitwa kupuliza maji. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamsihi asiende, nikamweleza habari ya bati na lami. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wako aliandikwa, mkamfurahia," alisema. "Wangu asiandikwe?"

Si yeye wa kuulizwa. Wa kuulizwa ni tajiri aliyeambiwa habari ya ubao na bado akaruhusu watu waondoke. Nahodha aliyecheka. Fundi aliyepaka rangi juu ya uozo. Mwenyekiti aliyesema si siku ya mbao. Jumamosi wote watakuwepo, na mimi nitakuwepo. Kabla mama yule hajatia maji mdomoni, mmoja wao ashike nyundo, ang'oe lile bati watu waone, kisha aseme kwa kinywa chake, mbele ya mama yangu: aliyewaua hawa wawili ni nani?