Kiatu cha Kushoto

Kaka yangu alipokuja likizo, mama aliona miguu yake kabla ya kuona uso. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, nyumbani kwetu Gatuanyaga, akivua viatu vyake vya jeshi. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeachana na ngozi kuanzia kidoleni hadi katikati, ikining'inia kama mdomo wa mbuzi anayetafuna.

"Umetembea na hii kutoka wapi?" mama akauliza.

"Nimeletwa na pikipiki, mama."

"Na walikupa lini?"

"Mwaka huu."

Mama alikiinua kiatu, akakigeuza, akakiweka chini polepole. "Gambuti zangu za shamba ni za kutoka kabla uandikishwe," akasema, kisha akarudi kupepeta maharagwe.

Nikakumbuka siku aliyoandikishwa. Ilikuwa mara yake ya tatu kujaribu. Walimkimbiza uwanja mzima, wakamhesabu meno, wakampima kifua, na mwishowe wakamwambia asimame bila viatu ili daktari aangalie kama nyayo zake ni bapa. Daktari alipiga magoti kabisa kwenye vumbi kuzikagua. Nilisimama nje ya uzio nikiona kila kitu. Ni serikali hiyo hiyo iliyokagua miguu yake kwa makini hivyo iliyokuja kuivisha kitu ambacho hakuna aliyekiangalia.

Mimi nina shahada ya uchumi na chumba kimoja mtaa wa Kimbo, Ruiru, ambako ninaingiza takwimu za watu wengine kwenye kompyuta ili wao wazielewe. Mama husema nilizaliwa nikiuliza swali, na mkunga hakulijibu. Kwa hiyo kaka aliponikabidhi viatu nivipeleke kwa fundi wa pale stejini Kimbo, zinaposimama matatu, alinitazama kwanza.

"Ni kushonwa tu, siz. Usianze."

Fundi alikuwa ameketi chini ya mwavuli wake. Alivuta kidogo tu soli ya kile cha kulia, ambacho mimi nilidhani ni kizima, nayo ikatoka. Akacheka.

"Hizi nazijua," akasema. "Ni gundi peke yake. Unaona hii laini ya uzi hapa pembeni? Si uzi. Ni raba imechorwa ikakaa kama uzi. Jua ya huko wanapelekwa ikipiga, gundi inayeyuka, kwisha."

"Umeshona vingapi vya aina hii?"

Alivuta gunia lililokuwa chini ya kiti akanionyesha. Kulikuwa na viatu vingine vya aina hiyo, jozi kwa jozi, vimefungwa kwa kamba zake vyenyewe. Askari wanaoishi huku Ruiru huvileta kwenye mifuko ya plastiki, wamevaa nguo za kiraia, na hawapendi kungoja.

"Jeshi nzima nashona mimi," fundi akasema. "Na hakuna siku nimealikwa gwaride."

Nilirudi chumbani nikafungua kitabu cha makadirio ya bajeti kwenye simu. Nilitaka kujua jambo moja tu: nani alivipokea viatu hivi? Hata duka la sare za shule lina mtu anayefungua katoni, anayelinganisha na sampuli, anayetia sahihi. Kwenye ukurasa wa zahanati walikuwa wameorodhesha mpaka benchi la kungojea. Ukurasa wa ulinzi ulikuwa na mistari ambayo ningeweza kuihesabu kwa vidole: mishahara, vifaa, shughuli nyingine. Vifaa. Ndani ya neno hilo moja kulikuwa na ndege, magari, risasi na soli ya kaka yangu.

Wiki hiyo kulikuwa na tangazo la kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, katika ukumbi mmoja Thika. Nilimpigia kaka simu kumwambia nitauliza kuhusu viatu. Alikuwa bado nyumbani, likizo yake ikiisha Jumapili.

"Nenda useme maneno ya maji, ya barabara, ya nini," akasema. "Viatu wacha."

"Kwani ni siri?"

"Si siri. Ni kazi yangu."

Nilimwambia sitataja jina lake, na kwa kweli sikulitaja. Asubuhi ya kikao, Alhamisi, nilipitia kwa fundi. Cha kulia kilikuwa kimeshonwa tayari, kwa uzi wa kweli, mweupe kidogo kuliko ngozi. Nikachukua cha kushoto, ambacho hakijaguswa, nikakitia kwenye mkoba.

Kwenye lango la ukumbi kulikuwa na mama mmoja wa makamo, askari wa kampuni ya ulinzi, amevaa sweta la kijani juu ya sare. Mbele yake kulikuwa na meza, na juu ya meza daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Uko na nini kwa bag?"

"Kiatu."

"Toa." Nikatoa. "Moja? Ingine iko wapi?"

"Kwa fundi."

"Ni ya nani?"

"Ya mwananchi."

Alinitazama kama mtu aliyezoea wajinga, kisha akaandika, akiyatamka maneno kadiri alivyoyaandika: kiatu moja, nyeusi, ya jeshi, kushoto, soli imetoka.

"Kwani unaandika hata soli?" nikamuuliza. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

"Ikitoka ukiwa ndani utasema ni sisi. Sahihi hapa."

Nilitia sahihi nikinung'unika. Jamaa wa nyuma yangu alinieleza kwamba viti vya plastiki vya ukumbi vilikuwa vikipotea baada ya kila mkutano, na lawama ikamwangukia mama huyu. Tangu hapo anaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, na haachi gari liondoke bila kufunguliwa nyuma, hata liwe la nani. Niliona ni upuuzi. Nchi yenye mambo makubwa ya kukagua, na mtu anaandika vilivyomo kwenye mkoba wangu.

Ndani tulitia sahihi tena, tukapewa soda na mkate, tukasikiliza hotuba. Mbele aliketi afisa mmoja aliyetoka Nairobi kutusikiliza. Zamu yangu ilipofika, nilikwenda nikakiweka kiatu mezani mbele yake, soli ikafunguka yenyewe. Nikauliza nani alikagua viatu hivi kabla ya kupokelewa, na taarifa ya ukaguzi iko wapi.

Afisa alitabasamu vizuri sana. "Swali zuri. Lakini mambo ya vifaa vya jeshi hayajadiliwi hadharani. Adui anasikiliza."

"Hiki ni kiatu," nikasema.

"Hata kiatu."

Mwanamume aliyeketi safu ya pili, mwenye mkate bado mkononi, akasema bila kusimama, "Adui anajua kitambo, mkubwa. Anafuata soli tu mpaka kambini."

Ukumbi ukacheka. Afisa naye akacheka. Kisha akakichukua kiatu kwa mikono miwili, akafungua kamba, akainua ule ulimi wa ngozi ulio chini ya kamba na kutazama ndani kwa muda. "Wacha nikae nacho," akasema. "Tutalishughulikia." Nikarudi kitini nikijiona nimefanya kitu. Mwenyekiti akaita swali linalofuata, la barabara.

Jumapili, kaka alipita Kimbo akirudi kambini. Nikampa kiatu cha kulia. Akangoja.

"Cha kushoto kiko na serikali," nikamwambia, nikieleza yote kwa haraka, hata utani wa soli, nikidhani atacheka.

Hakucheka. Alifungua kiatu cha kulia mbele yangu, akainua ulimi wake. Ndani, kwa kalamu nene nyeupe, kulikuwa na nambari yake ya jeshi.

Nilisoma shule ya bweni miaka minne. Niliandika nambari yangu kwenye shuka, ndoo, kijiko, hadi kwenye kipande cha sabuni kwa ncha ya kompasi. Nilijua kwamba popote watu wengi wanapopewa kitu cha aina moja, kila mtu huandika chake. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza ndani ya kile kiatu kuna nini.

"Brathe, pole," nikasema.

"Wacha tuone," akajibu, akaondoka na kiatu kimoja kwenye mfuko.

Alinipigia Jumanne, saa ya chakula cha mchana.

"Wameniita. Wana nambari yangu kwa karatasi. Wanasema nimepatia raia mali ya serikali. Wananiuliza kiatu kiko wapi. Si viatu. Kiatu."

"Si wamuulize afisa? Ndiye aliyewapa hiyo nambari."

"Wamemuuliza. Anasema aliona nambari, hakuchukua kiatu."

Nilisimama katikati ya chumba simu sikioni. Tangu nianze kuuliza, hakuna mtu aliyeweza kuniambia nani alivikagua viatu vile, lakini siku tano tu zilitosha serikali kumjua aliyevivaa. Kaka alipewa hadi Ijumaa akilete kiatu au aeleze kilikopotelea. Asipofanya hivyo, ni mashtaka, na mwisho wake huenda ukawa kufukuzwa. Nyumbani kwetu hakuna mwingine mwenye kazi ya kudumu. Mara tatu alikimbia ule uwanja.

Nilipiga simu ofisini kwa yule afisa. Nilipokewa na mtu aliyeniambia niandike barua. Nikauliza barua nimwandikie nani. Akanipa nambari nyingine, na aliyeipokea akanirudisha kwa yule wa kwanza, ambaye sasa alikuwa ametoka. Nilimwandikia mwenyekiti wa kikao, naye akanitumia ripoti yake ya ukurasa mmoja: wananchi walihudhuria kwa wingi, maoni yalipokelewa, orodha ya sahihi imeambatishwa. Sahihi yangu ilikuwamo. Kiatu hakikuwamo.

Alhamisi usiku sikulala vizuri, na alfajiri, nikipiga mswaki, ndipo nikamkumbuka mama wa langoni.

Nilifika Thika kabla ukumbi haujafunguliwa. Alikuwa pale, na sweta lake, akinywa chai kutoka kwenye kifuniko cha thamosi.

"Mama, habari ya asubuhi. Unanikumbuka?"

"Kiatu moja," akasema.

Nikamweleza. Alilamba kidole, akafunua kurasa kurudi nyuma hadi siku ile, upande wa kutoka. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, umelala upande mmoja. Gari la kijivu, nambari ya usajili, saa. Faili mbili. Maji katoni moja. Kiatu moja, nyeusi, ya jeshi, kushoto, soli imetoka. Pembeni palikuwa na sahihi ya dereva.

"Uliwafungua nyuma ya gari?"

"Kwani viti zilikuwa zinatoka na nini, si na gari?"

Niliomba nibebe daftari. Akalifunika kwa kiganja. Daftari halitoki. Nikapiga picha kurasa zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Hawatakusumbua?" nikamuuliza.

"Wanisumbue na nini? Mimi sijasema kitu. Nimeandika chenye kimepita hapa." Kisha akanitazama vizuri. "Na wewe siku ile ulikuwa na mdomo."

Nikakubali kwamba nilikuwa nao.

Picha zilimfikia kaka kabla ya saa nne. Alasiri akapiga tena. Faili limefungwa. Kiatu kimepatikana.

"Kimepatikana wapi?"

"Hawakusema. Kimeletwa kwa bahasha ya kaki."

"Na wamesema nini kuhusu soli?"

Niliwasikia wenzake wakicheka mahali nyuma yake.

"Nimetia sahihi nimekipokea," akasema. "Kuna fomu. Nakala tatu."

"Fomu inasema nini?"

"Kimerudishwa kwa mwenyewe kikiwa katika hali nzuri."

"Na soli?"

"Imening'inia."

"Na ukatia sahihi?"

"Siz. Nimesimama kwa hiyo ofisi tangu Jumanne. Wangeandika ni kiatu cha dhahabu ningetia."

Nilitaka kupiga kelele na sikujua nimpigie nani. Katika karatasi zote za nchi hii, mahali pekee palipoandikwa kwamba soli ilikuwa imetoka ni daftari la askari wa lango, kwenye kurasa za kulinda viti vya plastiki. Karatasi ya jeshi sasa inasema kiatu ni kizuri, na aliyethibitisha ni kaka yangu. Nikiuliza tena, wataonyesha sahihi yake.

Kabla ya kupelekwa mpakani, kaka alipewa ruhusa ya nusu siku. Kikosi chao kilikuwa na upungufu wa watu, kwa hiyo safari ilikuwa imeharakishwa. Tulikutana Githurai 45, kwenye safu ya wauza viatu vya mitumba, kwa sababu huko ndiko askari wote huenda. Muuzaji hakuuliza anataka nini. Alitazama jinsi kaka alivyosimama, akainama chini ya meza, akatoa jozi.

"Hizi ni za jeshi ya ng'ambo, mkubwa. Kunja uone."

Kaka akakunja. Akapitisha ukucha kwenye mshono pande zote, akijaribu kuung'oa uzi. Ulikuwa uzi. Akavijaribu, akapiga hatua nne kwenda na nne kurudi, kati ya marundo ya sidiria na vitenge, akanyanyua kichwa kidogo bila kujua.

"Hivi ndivyo viatu," akasema.

Alivua ili vifungwe. Halafu akaketi kwenye kiroba cha muuzaji, akatoa kalamu nyeupe mfukoni, akaifungua, akainua ulimi wa kiatu cha kushoto. Ndani kulikuwa na nambari ya mtu mwingine, imefifia, ya askari wa nchi tusiyoijua ambaye labda alistaafu navyo.

Kaka aliitazama hiyo nambari kwa muda. Kisha akanitazama mimi, akafunika kalamu bila kuandika yake, akairudisha mfukoni.