Subira ya Lindo la Tatu

Siku yangu ya kwanza kambini Tukuyu nilipewa koti la mvua, filimbi na lindo la tatu. Lindo ni mahali askari anaposimama zamu. La tatu lilikuwa upande wa barabara ya Masukulu, kibanda cha mabati kilichozungukwa na matete. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimezaliwa kwenye nchi ambayo mgeni anaonekana tangu yuko mbali, ukaweza hata kumpikia ugali kabla hajafika. Huku ukungu unashuka saa nane mchana na huoni vidole vya miguu yako. Sikupapenda. Niliambiwa nitazoea, na kweli nilizoea kila kitu isipokuwa jambo moja, ndilo hili ninaloandika.

Kambi ya wakati ule haikuwa na ukuta mnaouona leo. Ilikuwa na seng'enge ya nyuzi tatu, na ng'ombe wa watu waliingia na kutoka bila kibali. Mji na kambi vilikua pamoja. Tarumbeta la asubuhi likilia, akina mama wa mtaa wa Bulyaga walibandika chai. Likilia la jioni, wenye maduka walifunga milango. Ndizi tulizokula zilitoka vijijini Kisondela, zimebebwa kichwani. Timu ya mji ilipotufunga mpira, hatukuonekana sokoni siku mbili.

Sheria ya lindo niliikariri kama sala. Ukiona mtu asiyeeleweka karibu na uzio, unaita "Simama! Nani wewe?" mara tatu. Asipojibu unakoki, yaani unavuta chuma cha ubavuni na kukiachia ili risasi iingie chemba. Baada ya hapo hakuna mazungumzo tena. Sajini wa zamu, mtu mkali kama pilipili, alitujaza masikio kwa neno moja: "Raia mwema akiitwa anaitika. Asiyeitika ana lake jambo."

Wiki ya pili, alasiri moja isiyo na ukungu, nilimwona mwanamke akija na mzigo wa kuni kichwani. Ghafla akautupa, akaruka mtaro, akajilaza kwenye matete hatua kumi kutoka kwangu. Nikaita. Kimya. Nikaita tena, akazidi kujibana chini. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika. Usinicheke wewe unayesoma. Nilikuwa kijana, na juma zima tulikuwa tumelishwa habari za wapelelezi. Nililenga mgongo wake, kwenye kitenge cha njano. Nikafyatua.

Bunduki ikalia "ka!" Basi. Kwa hofu nilikuwa nimesahau kukoki.

Kabla sijavuta pumzi, koplo wa zamu akatokea mbio kutoka lindo la pili.

"Acha! Shusha silaha! Huyo anamkwepa mkwe wake!"

Koplo alikuwa mwenyeji, mtoto wa Kisondela. Akanionyesha barabara. Mzee mmoja alikuwa akipita na jembe begani, polepole, bila kutazama kando.

"Kwetu mke wa mtu haonani na baba mkwe," koplo alisema, bado anahema. "Akimwona anakuja, anaacha njia, anajificha mpaka apite. Wala hasemi, mkwe asije akasikia sauti yake, na popote alipo hamtaji. Ungemwita mpaka kesho."

Mzee alipita. Mwanamke akainuka, akakusanya kuni zake, akaenda bila kugeuka. Koplo akanishika bega.

"Umefanya la maana kusubiri. Mwingine angekwisha kupiga."

Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni "Ndiyo, afande."

Maneno mawili hayo ndiyo yaliyonijenga. Kwenye gwaride kamanda wa kikosi alinisimamisha mbele ya wenzangu. "Mtazameni huyu," alisema. "Silaha ni ya mwenye subira." Nikapata cheo changu cha kwanza. Nilihamishiwa kusini, kisha mpakani, kisha Tabora, na kila nilikofika sifa ilinitangulia. Nilirudi Tukuyu nikiwa sajini wa mafunzo, na kila kundi la kuruta, askari wanaoanza, nililisimulia kisa cha lindo la tatu. Nilikisimulia vizuri, Mungu anisamehe, hata ukungu niliuongeza. Jema moja nililifanya kweli: niliagiza kila askari mgeni afundishwe desturi za hapa kabla hajakabidhiwa bunduki. Lakini sikutulia. Nilikagua silaha yangu mara tatu pale wenzangu walipokagua mara moja, na nyumbani sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Mke wangu alikuwa akiniuliza, "Baba Neema, kiti kina miiba?"

Yule mwanamke anaitwa Mama Ambakisye. Anauza maparachichi pale Bulyaga, nilikojenga baada ya kustaafu. Kila tulipokutana aliinama kidogo na kunisalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile," nami nikajibu "Ndaga" huku natazama viatu vyangu. Hatua kumi ni karibu. Je, alisikia? Swali hilo nimezeeka nalo.

Mwezi uliopita kamanda wa sasa, kijana mwenye adabu, alikuja nyumbani.

"Mzee, ukuta umekamilika. Lango la upande wa Masukulu tunataka tuliite kwa jina lako. Tuandikie kumbukumbu zako, tuwasomee kuruta siku ya uzinduzi."

Nilimshukuru. Alipoondoka nilizunguka nyumba, nikapalilia migomba iliyokwisha kupaliliwa. Siku ya tatu nilishindwa, nikaenda kwa Mama Ambakisye.

"Mama," nilisema, "siku ile kwenye matete. Mimi sikusubiri. Nilifyatua."

Aliendelea kupanga maparachichi.

"Ninajua, baba. Nilisikia chuma."

Nikaketi juu ya kreti lake bila kukaribishwa.

"Miaka yote hii hukumwambia mtu? Hata mumeo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Ningemwambiaje? Habari ile mkwe wangu yumo, ndiye anayepita njiani. Mimi simweki mdomoni."

"Lakini mzee amefariki zamani."

"Amefariki yeye. Ukwe haujafariki." Akanifutia parachichi moja kwa kitenge, akanipa. "Nilikuwa nangoja useme wewe, baba. Kwani alikuwa mkwe wako?"

Afande kamanda, hizi ndizo kumbukumbu ulizoniomba. Zisome zote mbele ya kuruta, usiruke pale chuma kilipolia. Lango liiteni Lindo la Tatu, jina hilo linatosha. Kwa nusu ya maisha yangu nimesifiwa subira, na mwenye subira alikuwa amelala kwenye matete. Yeye alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mimi sikuwa nayo.