Kilo Mia na Themanini za Tangi la Tatu

Lori la chumvi lilikuwa bado linakohoa mlimani Shangazi alipoliona kutoka juu ya tangi la tatu. Kando ya dereva alikaa mtu amepakata begi, kichwa amekitoa nje, anakitazama kiwanda cha sabuni kama bwana harusi anayefika ukweni mara ya kwanza. Hakuwa mkaguzi. Wakaguzi huja wamefunga vioo.

"Mgeni wako huyo," Mhandisi alimpigia kelele kutoka chini. "Mwandishi. Mzungushe, mweleze kazi. Halafu saa tisa uje ofisini na maelezo yako. Maandishi, siyo maneno."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina hilo alilipata kwa kukemea watu wazima waliosahau kufunga vali, na miaka kumi na tisa ilikuwa imeligandisha. Kazi yake ilikuwa moja: kujua mafuta yamo kiasi gani. Alitumbukiza ndani ya tangi fito la chuma lenye alama, akalitoa, akasoma mafuta yameishia wapi, akaandika lita. Ofisi iligeuza lita kuwa kilo. Mafuta yalikwenda kwenye sufuria kubwa, yakakutana na magadi makali na mvuke, na upande wa pili sabuni ikapimwa kwenye mizani.

Kwa miaka yote hiyo kilichoingia na kilichotoka kilikuwa kikipatana kama mume na mke waliochoka kugombana. Lakini kwa wiki tatu sasa, kila pishi, yaani mpiko mmoja wa siku, lilipungua kilo mia na themanini za mafuta. Hayakumwagika, hayakuonekana kwenye mtaro, hayakubaki kwenye bomba. Mwenye fito alikuwa mmoja, basi na mwizi akawa mmoja. Asipoeleza saa tisa, angeondoka na barua.

Mlinzi wa lango, waliyemwita Jicho, alikuwa ameshaagizwa kumpekua kila jioni, na jana yake alimsimamisha tena.

"Shangazi, nifungulie mkoba."

"Angalia vizuri, baba. Humo mna tangi, usije ukalidondosha."

"Mimi natumwa tu, Shangazi."

"Hata nzi hutumwa na njaa. Pekua."

Mgeni alipanda ngazi akihema. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wengi, kila neno na bandari yake, ila kilieleweka. Shangazi akampa glavu, akamwonyesha geji ya mvuke.

"Hapa tunachunga vitu vinne," alisema. "Joto, presha, mwendo na kina. Joto ni hasira ya mafuta. Presha ni hasira ya mvuke uliofungiwa. Mwendo ni kiasi kinachopita bombani kwa saa. Kina ni hiki ninachopima mimi. Vinne hivi ni ndugu. Ukimgusa mmoja, wengine wanapiga kelele."

"Na ukigusa joto?"

"Mafuta yanalainika. Ya baridi ni uji, hayapiti. Tunayafungulia mvuke mpaka yafike digrii sabini."

Mgeni alichungulia kwenye mdomo wa tangi. "Mbona hamjalijaza?"

"Ulijaze likumwagikie? Mafuta yakipata moto yanapanda, hata kama hujaongeza..."

Akalikazia macho tangi. Mgeni alidhani ameona nyoka.

Kila mpima mafuta anajua kuacha nafasi juu ya tangi, kama mpishi ajuavyo kutojaza chungu cha maziwa. Lakini hilo lilikuwa jambo la kumwagika. Halikuwahi kukaa meza moja na jambo la hesabu. Zamani Shangazi alipima asubuhi kabla ya mvuke. Wiki tatu zilizopita Mhandisi aliagiza apime baada ya moto, kwa sababu uji ulining'inia kwenye fito na kuficha alama. Agizo lilikuwa zuri. Ila ofisini, jedwali la kugeuza lita kuwa kilo lilibaki lile lile la mafuta baridi: kila lita gramu mia tisa na kumi.

Alichota mafuta ya moto, akajaza debe mpaka ukingoni, akalipandisha kwenye mizani na kuandika uzito kwa chaki kwenye ubavu wake. Kisha akaliweka kwenye karo la maji baridi na kumwambia mgeni, "Sasa twende kwenye boila. Hapa hakuna la kutazama, kama kuangalia mtu anayelala."

Saa nane na nusu alirudi. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya ukingo karibu upana wa kidole cha mwisho. Akalifuta debe maji, akalipima tena. Uzito ulikuwa ule ule wa chaki.

Saa tisa alilibeba mwenyewe mpaka ofisini, akalitua juu ya karatasi za Mhandisi.

"Nimesema maandishi," Mhandisi alisema.

"Yameandikwa ubavuni. Asubuhi lilijaa. Nani ameiba?"

Mhandisi alitazama ukingo, akatazama chaki, akaenda naye kwenye mizani. Kisha akarudi, akavuta jedwali. Lita elfu sita za moto za kila pishi alizidisha kwa gramu mia nane na themanini, uzito wa lita moja ya moto kwa mujibu wa debe. Akatoa jibu kwenye hesabu ya zamani. Zikabaki kilo mia na themanini, kavu, bila hata gramu ya kusindikiza. Aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa nzito kuamka.

"Kosa ni langu," alisema. "Nitaandika kwamba umesamehewa."

"Mwenye kusamehewa ana kosa. Andika mafuta hayakupotea."

Akaandika hivyo. Shangazi alisoma polepole, mstari kwa mstari, kama anayesoma fito, ndipo akakunja nakala yake na kuitia kwenye mkoba.

"Haya, kesho tuanze upya," Mhandisi alisema. "Tutapima na joto pia, kila mara."

"Mtapima. Mimi nina likizo ya siku kumi na nne. Tangu mwaka jana unaniambia kiwanda hakiendi bila mimi. Leo asubuhi ulikuwa tayari kiende."

Mhandisi alivuta faili la mapishi ya wiki tatu.

Shangazi alinawa mikono kwa sabuni ya kiwanda, akabadili viatu, akamuaga mgeni kwa kumrudishia kofia aliyoisahau kwenye boila. Mgeni alikuwa bado anangoja lori lishushe chumvi. Kutoka mlangoni mwa ofisi alimwona Shangazi akiteremka mlima taratibu, mkono mmoja kiunoni, bila kugeuka. Ndani, Mhandisi alikuwa ameshika karatasi ya pishi la kwanza kati ya ishirini na moja, anaanza kulihesabu upya.